Emejensi ya watoto: kwanini aliyekuja nyuma anaingizwa mbele, na kwanini walimkatalia mwanangu dripu?

babaK_mbagala

Wakuu habari za saizi. Naombeni mnieleweshe maana kuna kitu kimenikaa rohoni. Juzi usiku mwanangu wa miaka miwili na nusu homa ilimpanda, anatapika, anaharisha, analia hatari, tukachukua bajaji na mama yake mpaka hospitali moja ya serikali, jina naliacha. Tumefika emejensi kuna watu wengi, nesi akamshika mtoto, akamfunua shati akamwangalia kifua, akambonyeza kucha ya kidole gumba, akamtoboa kidole, akamvalisha kale kamashine ka kidoleni kanakowaka taa nyekundu, akaandika kwenye karatasi akasema subirini pale kwenye benchi.

Tupo pale akaja mama mmoja na mtoto kamlaza begani, kimya kabisa, hata halii. Nesi kumtupia jicho tu akamchukua mikononi akaingia naye ndani mbio, kadi hawajaandikisha, hela hawajalipa, na sisi tumekaa tunaangalia. Baadae kidogo akapitishwa mwingine tena. Wangu analia mpaka sauti inakauka.

Tulipoingia dokta akamwona, malaria kapima hakuna, nikamwomba amwekee dripu maana mtoto kalegea na kila kitu anatapika, akakataa, akasema anywe ORS, ile ya unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji, kwa kijiko. Antibiotiki pia hakutoa. Tumerudi nyumbani na paketi za ORS, vidonge vya zinki na panadol ya maji basi. Mtoto saizi anaendelea vizuri namshukuru Mungu. Ila nataka kujua, ule utaratibu ni wa haki? Na dripu mbona kwenye dispensari za mtaani wanaweka hata bila kuomba, huko hospitali kubwa wanabania nini?

Mtu wa Pugu

Pole mkuu. Hayo ni mambo ya kujuana tu, huyo mama lazima ana ndugu yake mule ndani. Nchi hii bila kumjua mtu unakaa benchi mpaka asubuhi.

sista_wa_zamu

Kaka babaK pole sana na hongera mtoto kapona. Mimi ni nesi, nipo emejensi ya hospitali ya mkoa huku Kanda ya Ziwa, acha nikueleze kilichokuwa kinafanyika pale maana wakati wa purukushani hakuna anayepata nafasi ya kumweleza mzazi.

Ndugu wa Pugu hapana, kwa hili sio kujuana. Huyo mtoto aliyekuwa kimya ndo alikuwa anatisha kuliko wote waliokuwa kwenye hilo benchi. Mtoto anayelia kwa nguvu anatuonyesha njia yake ya hewa iko wazi, kifua kinapitisha hewa na ubongo unafanya kazi. Mtoto mwenye homa ambaye amelala begani, ukimwita hageuki, ukimfinya anaguna kidogo au haguni kabisa, huyo hana muda wa kusubiri mtu aandike jina. Ndani pale kuna mambo yanatakiwa yafanyike dakika hiyo hiyo, kumweka vizuri ili ulimi usizibe koo, oksijeni, kupima sukari, kutafuta mshipa.

Hatuendi kwa foleni, tunaenda kwa dalili. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wake wa watoto unaitwa ETAT, yaani kupanga watoto kwa uharaka, kuwapima na kuwaanzia matibabu, na sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika Malawi kwenye ile hospitali kubwa ya rufaa ya Blantyre, Queen Elizabeth, wakaonyesha kwamba ukipanga watoto kwa uharaka pale mlangoni na ukaanza matibabu hapo hapo, vifo vya waliolazwa vinashuka sana. Na hakuna mashine ya ajabu iliyoletwa, ni mpangilio tu na watu kufundishwa. Kabla ya hapo ilikuwa kama unavyotaka wewe, wa kwanza kufika wa kwanza kuhudumiwa, na watoto walikuwa wanafia kwenye foleni mgongoni kwa mama zao.

Sasa yule nesi wako, ulimwona kama anamchezea mtoto kumbe alishamaliza ukaguzi. Kufunua shati alikuwa anaangalia kama mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa na anahesabu pumzi, tunahesabu dakika nzima, mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika pumzi 40 au zaidi kwa dakika hiyo ni ya haraka, mdogo wa miezi 2 mpaka 11 ni 50 na kuendelea. Na inabidi ahesabiwe akiwa ametulia, akilia hesabu inakudanganya. Kile kimashine kinasoma oksijeni kwenye damu, ikiwa chini ya 90 mtoto anawekewa oksijeni hata kama kwa macho anaonekana yuko sawa. Kucha anabonyeza mpaka inakuwa nyeupe halafu anaachia, rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, na mikono ya baridi, na mapigo dhaifu yanayokimbia, hapo mzunguko wa damu umeshindwa na huyo anaingia ndani. Akafungua na viganja kuangalia weupe wa upungufu wa damu, hiyo labda hukuiona. Kidole alitoboa kwa ajili ya malaria na sukari kwa pamoja.

Kwenye sukari ngoja niseme kidogo maana watu hawaijui. Mtoto mdogo akiugua siku mbili hali, anatapika, sukari inashuka haraka kuliko ya mtu mzima. Anazimia, mwingine anapata degedege, ndugu wanasema malaria imepanda kichwani kumbe ubongo hauna chakula. Ikisoma chini ya 2.5 tunampa maji ya glukosi ya asilimia 10 kwenye mshipa, mililita 5 kwa kila kilo, na nimeona mtoto anafumbua macho anamtafuta mama yake sindano bado iko mkononi mwangu. Kwahiyo ukiona nesi anatoboa kidole cha mtoto aliyezimia kabla ya kufanya mengine, muache afanye.

mama_Tausi

Asante sista umenifumbua macho. Mimi naunga mkono. Wangu alipelekwa ndani mbio mwaka jana na watu waliokuwa kwenye benchi wakaanza kuguna, mwingine akaniambia nimetoa chochote. Nilikuwa nataka kulia. Oksijeni ilisoma 82. Nimonia.

Mtu wa Pugu

Sawa sista nimekuelewa na kwa hilo nafuta kauli. Ila msijifanye malaika. Kuna sehemu mtoto amezidiwa mnamwambia baba nenda kalipie kwanza, nenda kanunue kanula, ile sindano ya plastiki ya kupitishia dripu, duka la dawa la nje, unarudi unakuta mtoto kakata kauli. Hilo nalo ni ETAT?

sista_wa_zamu

Hilo ni kosa na wala sitalitetea. Mtoto mwenye dalili za hatari anaanziwa matibabu, mambo ya risiti yanafuata. Na kwa sera yetu watoto chini ya miaka 5 wanatakiwa kutibiwa bure kwenye vituo vya serikali, tatizo vifaa vinaisha na dawa zinaisha ndo mzazi anaandikiwa akanunue. Ila usikubali kupelekwa dirishani na mtoto asiyeamka. Simama pale pale sema kwa sauti "mtoto haamki" au "mtoto anashindwa kupumua", hayo maneno mawili kila mhudumu aliyefundishwa anayajua maana yake. Ukija na "mtoto anaumwa sana" nakuwa sijapata kitu, wote waliopo pale wanaumwa sana.

Mwana_Kilifi

Salaam alaykum nyote. Mimi ni klinikal ofisa huku Kilifi, Kenya, nimepitia wodi ya watoto miaka kadhaa. Hilo suala la dripu nataka kulijibu kwa sababu jibu lake limetoka hapa kwetu na hapo kwenu Tanga.

Zamani sote tulifundishwa hivi, mtoto ana homa kali, mikono baridi, mapigo yakimbia, mpe maji ya mshipa mengi na kwa haraka, maanake vitabu vya Ulaya na Marekani vyasema hivyo. Sasa kati ya mwaka 2009 na 2011 ukafanywa utafiti, waitwa FEAST, ukiongozwa na Profesa Kathryn Maitland, watoto 3,141 katika hospitali sita, Kilifi huku, Teule pale Muheza, na Uganda walikuwa Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Watoto wote walikuwa na homa kali na dalili za mzunguko wa damu kulegea. Wengine wakapewa maji ya haraka kama vitabu visemavyo, wengine wakapewa yale ya kawaida ya taratibu tu, pamoja na dawa za malaria, antibiotiki, oksijeni na damu kama wahitaji. Kila mtu alikuwa angojea kuona maji yataokoa watoto wangapi. Utafiti ukasimamishwa Januari 2011 kabla ya kumalizika, kwa sababu waliopewa maji ya haraka ndio waliokuwa wakifa zaidi! Baada ya saa 48 vifo vyao vilikuwa kama asilimia 10.5, na wale ambao hawakupewa asilimia 7.3. Yaani kwa kila watoto 100, watatu zaidi wamekufa kwa kitu ambacho sisi tulikuwa twakitoa kwa nia njema kabisa.

Iliwauma watu sana hiyo. Wengine walibishana miaka. Lakini Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo mpya wa emejensi ya watoto 2016 likapunguza yale maji, na sasa hata mtoto mwenye shoku yenyewe, yaani mzunguko wa damu umeshindwa, apewa kidogo na polepole huku akiangaliwa kila mara.

Sasa kwa mtoto wako ndugu babaK, yeye alikuwa aharisha, na watoto wa kuharisha hawakuwemo kwenye ule utafiti, wala wenye utapiamlo mkali. Mtoto wa kuharisha aliyekauka kabisa, macho yamezama, hawezi kunywa, ngozi ya tumbo ukiivuta yarudi polepole sana, huyo apewa maji ya mshipa bila kuchelewa, tena mengi, mililita 100 kwa kila kilo, na sehemu ya mwanzo huingia kwa kasi. Lakini kama aweza kunywa basi ORS yatosha. Mdomo ndio njia salama, kiu yake yenyewe ndiyo ipimayo. Dripu kwa mtoto ambaye haihitaji ni mshipa uliotobolewa, ni njia ya vijidudu kuingia, na kama hakuna wa kuikagua usiku maji hupita kiasi. Hao wa dispensari wakuwekeao bila kuomba, waulize wamempima mtoto uzito? Maanake bila uzito hujui hata uiendeshe vipi.

babaK_mbagala

Mwana Kilifi asante sana ndugu yangu, hiyo ya Muheza sikuwahi kuisikia kabisa na mimi kwetu ni Tanga. Kwa kweli dokta angeniambia nusu ya haya nisingenuna. Sasa ile ORS wakati anatapika inafanyaje kazi? Maana mke wangu alikuwa anampa anatapika, tukaona inapotea bure.

Mwana_Kilifi

Haipotei yote. Paketi moja kwenye lita moja ya maji safi, msipunguze maji eti iwe kali. Kijiko kimoja cha chai kila dakika moja au mbili, sio kikombe. Mtoto mwenye kiu akipewa kikombe hugida chote kisha chatoka chote. Akitapika ngojeni dakika 10 kisha muanze tena polepole zaidi. Mtoto wa kilo 12 aliyekauka kiasi ataka kama mililita 900 ndani ya saa 4, yaani karibu lita, ni kazi ya mtu kukaa naye hasa, kijiko baada ya kijiko. Na zinki msiiache akipata nafuu, mmalize siku zote mlizoandikiwa, huwa 10 mpaka 14.

Na kuhusu antibiotiki, daktari wako alifanya vyema. Kulikuwa na utafiti hapo kwenu, Dar na Ifakara, ulichapishwa 2014, watoto 1,005 wenye homa wakapimwa kila kitu. Malaria ilikuwa kama mtoto mmoja katika kila 10. Zaidi ya nusu ni mafua na magonjwa ya njia ya hewa, na wengi kabisa virusi, ambavyo antibiotiki haivigusi.

Nuru_mama_wawili

Naomba kuuliza hapo hapo, samahani babaK kwa kuingilia uzi wako. Mwanangu wa mwaka na nusu alipata degedege wiki iliyopita, mama mkwe akasema asipelekwe hospitali maana akichomwa sindano anakufa, akataka tumfukize kinyesi cha tembo. Nilimpeleka kwa nguvu, amepona, ila nyumbani hatuongei vizuri mpaka leo. Hiyo ya sindano ina ukweli wowote?

sista_wa_zamu

Dada Nuru umefanya vizuri sana na mama mkwe usimchukie, hiyo imani ipo sehemu nyingi, kuanzia Pwani mpaka Morogoro, na ina asili yake. Watu waliona mtoto anapata degedege, anazungushwa kwa mganga siku mbili, analetwa hospitali hoi, anachomwa sindano, baada ya saa moja anafariki. Wanachokumbuka ni sindano. Malaria iliyokaa kichwani siku mbili hawaikumbuki. Kwa malaria kali sindano ndo inayookoa, tena saizi tunatumia dawa inaitwa atesuneti, na hiyo imepimwa dhidi ya kwinini, dawa ya zamani, kwa watoto 5,425 kwenye nchi tisa za Afrika, majibu yakatoka 2010, vifo vikashuka toka 10.9 mpaka 8.5 kwa kila mia.

Degedege nyingi za homa kwa watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 zinaisha zenyewe ndani ya dakika chache na hazimharibu mtoto. Mlaze ubavu, legeza nguo, ondoa vitu vya kumgonga, usimtie kijiko mdomoni wala usimnyweshe kitu, usimmwagie maji ya baridi. Angalia saa. Ikizidi dakika 5 ni emejensi, tuna dawa ya kupitisha njia ya haja kubwa inakata. Na hata ikiisha yenyewe, kama ni mara ya kwanza mlete, maana lazima tujue homa imetoka wapi, isije kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo.

mama_Tausi

Hapo kwenye uti wa mgongo sista naomba uongelee ile sindano ya mgongoni. Jirani yangu alikataa kusaini, aliambiwa na watu wodini mtoto atapooza.

sista_wa_zamu

Hii inaniumiza kweli kweli. Mtoto ana homa, shingo imekaza au mdogo utosi umevimba, analia ukimbeba badala ya kutulia, hapo tunahofia homa ya uti wa mgongo na njia ya kujua kwa uhakika ni kutoa maji kidogo pale mgongoni. Sindano inaingia chini kabisa kiunoni, usawa wa mifupa ya nyonga, na uti wenyewe umeishia juu ya hapo, kinachobaki ni mishipa myembamba inayoelea kwenye maji. Anakunjwa kama anavyolala tumboni kwa mama, nesi anamshika asitikisike, yanatoka matone kwenye vichupa viwili vitatu. Yakitoka masafi kama maji ya kunywa tunapumua, yakitoka na ukungu tayari unajua. Dokta haifanyi kama mtoto yuko hoi sana au kuna dalili kwamba presha kichwani imepanda, hapo dawa zinaanza kwanza na kipimo kinasubiri. Wanaopooza au kuwa viziwi ni kwa ugonjwa wenyewe uliochelewa. Mwambie jirani yako aombe dokta amchoree kwenye karatasi sindano inapita wapi, ana haki ya kuelezwa mpaka aelewe.

babaK_mbagala

Aisee huu uzi umekuwa shule. La mwisho sista, siku nyingine nikija nije na nini ili nisiwacheleweshe?

sista_wa_zamu

Kadi ya kliniki, ile ile ya chanjo, ina uzito na chanjo zake, na dawa zote za mtoto zinapigwa kwa kilo. Dawa zozote alizokunywa nyumbani njoo nazo na makopo yake, hata za mganga, hatutakugombeza. Kama alipewa panadol sema saa ngapi, maana ndani ya saa 6 hatumrudishii. Kama kanywa mafuta ya taa au sumu ya panya njoo na chupa yenyewe, na tafadhali msimtapishe wala kumpa maziwa, mafuta ya taa yakipanda tena yanaingia kwenye mapafu na hapo ndo balaa linaanza. Kama alikuwa anachezea karanga au shilingi akaanza kukohoa ghafla, hilo liseme la kwanza kabisa kabla ya homa na mafua, mana vinginevyo tutamtibu kifua wiki nzima na karanga ipo mle mle.

Aje anayekaa na mtoto kutwa, kama ni dada wa kazi basi dada aje. Baba anajua mtoto anaumwa, dada anajua amekojoa mara ngapi toka asubuhi.

Na mkikaa benchi mkaona amebadilika, ameacha kulia ghafla, hanyonyi, anapumua kwa kuguna, midomo inageuka rangi, au degedege, msikae kusubiri jina. Ile rangi ya njano au kijani aliyopewa mwanzo, alama yetu ya kuonyesha uharaka wake, haijafungwa, tunapaswa kumpima tena. Njoo na mtoto mpaka mlangoni.

Nuru_mama_wawili

Nimepiga picha majibu yote namtumia mume wangu amsomee mama yake. Sista asante.